Kusoma maina ya masuala ya usalama ukiwa chuo Marekani: mwongozo kamili hatua kwa hatua

Watu wetu wengi wanakuja chuo huku Marekani kutoka Dar, Nairobi, Goma, wengine wamekulia hukuhuku, wanasoma unesi, kompyuta, uhasibu, alafu mwaka wa pili wanashtuka wana nafasi ya kozi kadhaa za kuchagua wenyewe na hawajui wazijaze na nini. Hapo ndo maina inaingia. Ni fungu dogo la kozi unalobeba pembeni ya meja yako, yaani somo lako kuu, kwa kawaida krediti 15 mpaka 18, na kozi moja mara nyingi ni krediti 3, kwahiyo tunaongelea kozi tano au sita basi. Za masuala ya usalama ziko vyuo vingi kwa majina tofauti, usalama wa taifa, usalama wa kimataifa, amani na migogoro, University of Maryland wana yao kabisa ya ugaidi wa kimataifa. Karibu zote zimekusanya kozi kutoka idara mbalimbali, siasa, historia, jiografia, sheria, afya, kompyuta, na hapo ndo uzuri ulipo na ndo watu wanapopotelea pia.

Wanapotelea kwasababu wanachagua kwa ratiba. Hii iko Jumanne mchana nachukua, ile profesa wake hana makuu nachukua, mwisho wa siku una kozi tano ambazo hata hazisalimiani na ukiulizwa kwenye intavyuu ulisoma nini unataja majina ya kozi tu. Ushauri wangu wote hapa chini unarudi kwenye kitu kimoja, tafuta swali lako kwanza, kozi zifuate swali.

Kabla ya yote, usalama upi?

Ukisema nyumbani unasoma usalama watu wanajua unaenda kuwa shushushu, mama mdogo anaanza kukuongelesha kwa sauti ya chini kwenye simu. Darasani mambo ni mapana zaidi. Mwaka 1994 UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwenye ripoti yao ya maendeleo ya binadamu walitaja maeneo saba ya usalama wa watu: uchumi, chakula, afya, mazingira, usalama wa mtu binafsi, wa jamii na wa kisiasa. Bunduki zipo humo ila ziko na wenzake. Kuna wasomi hawaipendi hiyo orodha, wanasema kila kitu kikiwa usalama basi hakuna ambacho sio, na ukiniuliza mimi wana hoja, maana serikali ikishaita kitu tishio la usalama inajipa ruhusa ya kufanya mengi bila kuulizwa. Huo mvutano utaukuta kwenye kozi ya kwanza tu, usiukimbie.

Hatua ya 1: soma masharti kama unasoma mkataba

Usijaze fomu ya kutangaza maina kabla hujasoma ukurasa wa masharti kwenye katalogi ya chuo, ya mwaka ULIOINGIA wewe, maana masharti yanabadilika na mara nyingi ya kwako ni yale ya mwaka ulioanza. Angalia kozi ngapi zinaruhusiwa kuhesabiwa mara mbili, yaani kwenye meja na kwenye maina kwa wakati mmoja, vyuo vingine mbili, vingine hakuna kabisa. Angalia ngapi lazima ziwe za ngazi ya juu, zile za namba 300 na 400. Angalia alama ya chini inayokubalika, mara nyingi ni C. Na angalia kozi za kutangulia, hii ndo inaua watu kimyakimya, unakuta kozi unayoitaka ya mwaka wa nne inadai uwe umesoma utangulizi wa siasa za kimataifa, na huo utangulizi unafundishwa semista moja tu kwa mwaka, ukiukosa unasubiri mwaka mzima.

Kama ulianzia community college, na wengi wetu tunaanzia huko kwa ajili ya ada, uliza krediti ngapi za kule zinaingia kwenye maina. Kuna idara zinataka nusu au zaidi ya maina isomwe hapohapo chuoni. Uliza kwa imeili, upate jibu la maandishi, ulihifadhi. Mshauri wa masomo anaweza kuhama kazi na aliyemrithi hajui mlikubaliana nini.

Wenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, msome hapa mara mbili. Lazima ubaki na krediti 12 kila semista ya kawaida, na katika hizo kozi ya mtandaoni inayohesabika ni moja tu, krediti 3. Sasa kozi nyingi za usalama zinatolewa mtandaoni kwasababu wanafunzi wake wengine ni askari na watu wa kazini, ukichukua mbili ukadhani uko salama unaweza kujikuta umeshuka chini ya kiwango bila kujua. Pili, ile ruhusa ya kufanya kazi baada ya kumaliza, OPT, inafuata MEJA yako. Kazi lazima iendane na meja, na miezi 24 ya nyongeza wanapewa wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hesabu. Kwahiyo mtu wa kompyuta mwenye maina ya usalama yuko vizuri, lakini mtu asiache kompyuta akahamia meja ya usalama kwa mapenzi tu bila kupiga hesabu hiyo. Kabla ya kubadili chochote pita ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, wao ndo wenye neno, sio mshkaji uliyepanga naye.

Hatua ya 2: tafuta swali, na hapa usiharakishe

Swali zuri lina mahali, lina muda, na lina kitu kinachoshangaza ndani yake. "Ugaidi Afrika Mashariki" sio swali, hiyo ni rafu ya maktaba. Ngoja nitoe mfano mmoja niufuate mpaka mwisho ili uone inavyofanya kazi.

Chukua mto Ruvuma. Upande wa kaskazini Mtwara, kusini Cabo Delgado ya Msumbiji. Wamakonde wako pande zote mbili, Waislamu wa pwani wako pande zote mbili, umaskini uko pande zote mbili, na gesi iko pande zote mbili. Mtwara mwaka 2013 watu waliandamana wakipinga bomba la kupeleka gesi Dar, Januari na tena Mei, nyumba zikachomwa, watu wakafa, jeshi likaingia. Bomba likajengwa hivohivo, likazinduliwa 2015, na mambo yakatulia. Ng'ambo ya mto, tarehe 5 Oktoba 2017 vijana wenye silaha wakavamia vituo vya polisi Mocímboa da Praia na kuanzia hapo ikawa vita kamili, Agosti 2020 wakauteka mji huohuo na bandari yake, Machi 2021 wakaingia Palma, mwezi uliofuata kampuni ya Ufaransa TotalEnergies wakasimamisha mradi wa gesi wa dola bilioni 20, na kwenye kilele chake watu karibu milioni moja walikuwa wamekimbia makwao.

Swali: kwanini upande mmoja iliishia kwenye vurugu zikatulia na upande wa pili ikawa vita?

Ona hilo swali linavyokudai uende idara tofauti. Ukienda historia unakuta Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji na ndo kinachotawala, kilianzishwa Dar mwaka 1962, vita vya ukombozi vikaanza Septemba 1964 hukohuko Cabo Delgado, Wamakonde wa bara kule Mueda wakawa uti wa mgongo wa chama, na Filipe Nyusi aliyekuwa rais kuanzia 2015 mpaka 2025 ni Mmakonde wa Mueda. Wamwani wa pwani, ambao lugha yao iko karibu sana na Kiswahili, wakabaki wanaona wenzao wa bara wamekula pensheni za ukombozi na vyeo na wao wamebaki na nyavu zao. Kwahiyo ile "Wamakonde pande zote" niliyoanza nayo, ambayo ilionekana ndo inafananisha, kumbe ndani yake ndo kuna tofauti. Huwezi kuona hilo kwenye kozi ya ugaidi peke yake.

Ukienda uchumi unakuta rubi za Montepuez, hukohuko Cabo Delgado, na gesi iliyogunduliwa 2010, na wachimbaji wadogo waliofukuzwa. Mazingira wanakwambia kimbunga Kenneth kilipiga hapohapo Aprili 2019 wakati vita tayari inaendelea. Sheria wanakuuliza Tanzania ilitumia nini, kuna Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2002, na inafanyaje kazi kwa kijana aliyekamatwa akivuka mto. Siasa za kimataifa wanakuonyesha majeshi ya Rwanda na ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, yote yaliingia Julai 2021 kwa mialiko tofauti, SADC wakaondoka 2024 na Rwanda wakabaki, kwanini? Na usisahau yale mauaji ya polisi na viongozi wa vijiji kule Kibiti 2017, kuna watafiti wanaoona baadhi ya waliohusika walikimbilia kusini baada ya kubanwa, alafu Oktoba 2020 shambulio likarudi upande wetu, kijiji cha Kitaya, Mtwara. Kwahiyo hata ule utulivu wa kaskazini sio mtulivu kivile.

Sio lazima uchukue hili. Mtu wa Mombasa anaweza kuuliza kwanini uharamia wa Wasomali ulipanda sana kuanzia 2008 na baada ya 2012 ukaporomoka, je ni manowari, walinzi wenye silaha melini au mambo ya nchi kavu. Mtu wa Goma ana maswali mengi kuliko semista zilizopo. Mtu wa Minnesota aliyezaliwa kambini anaweza kuuliza kuhusu kambi yenyewe, nani analinda wakimbizi na kwa sheria gani. Kipimo changu ni kimoja, mwambie mtu ambaye hasomi haya mambo swali lako kwa sentensi moja, akisema "eh, kwanini kweli?" umepata. Akisema "ni muhimu sana hiyo", tafuta lingine.

Hatua ya 3: panga kozi kuzunguka swali

Sasa rudi kwenye orodha ya kozi ukiwa na swali mkononi. Kozi moja ya nadharia ni lazima karibu kila mahali, malizana nayo mapema. Baada ya hapo mimi ningetaka moja ya historia ya eneo, moja ya sheria au haki za binadamu, moja ya namba au ramani, na moja ambayo inaonekana haihusiki kabisa, afya ya jamii, hali ya hewa, jinsia, dini. Ya sita ni ile ya kumalizia ambako unaandika pepa kubwa.

Ile ya namba au ramani usiiruke. Najua wengi wanakuja kwenye maina kukimbia hesabu, ila kozi moja ya takwimu au GIS, yaani kuchora ramani kwa kompyuta, ndo itakutofautisha na watu mia mbili waliosoma mambo yaleyale na wote wanajua kuongea. Kinyume chake kuna kozi ambazo zina jina zito na ndani ni Marekani na Usovieti kuanzia wiki ya kwanza mpaka ya mwisho. Sio mbaya, uzuiaji wa nyuklia, yaani kutishana na hizo silaha ili asianze mtu, ni elimu, lakini moja inatosha. Omba silabasi kabla ya kujiandikisha, maprofesa wengi wanatoa ya semista iliyopita bila shida, na angalia kazi za mwisho ni nini. Kozi inayokuruhusu kuchagua mada ya pepa mwenyewe ni dhahabu kwasababu unaweza kuandika kipande cha swali lako kila semista, hii historia, hii sheria, hii data, na ikifika ya kumalizia unaunganisha. Ila usiwasilishe pepa ileile kwenye kozi mbili, hiyo inahesabika udanganyifu hata kama ni ya kwako. Andika mpya, au omba ruhusa kwa wote wawili.

Kwa meja mbalimbali kwa ufupi. Unesi na afya, angalia milipuko ya magonjwa na hospitali kwenye vita. Kompyuta, usalama wa mtandao upande wa sera, linganisha sheria ya makosa ya mtandao ya Tanzania ya 2015 na ya Kenya ya 2018, zote zimelalamikiwa sana na waandishi wa habari na kuna nyama ya kutosha humo. Uhasibu, hapa ndo watu hawaoni pesa ilipolala, fuatilia utakatishaji fedha, Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya utakatishaji fedha, Oktoba 2022 ikatolewa Juni 2025, Kenya wakaingizwa Februari 2024, na kila benki yenye mteja wa huko inahitaji mtu anayeelewa hiyo maana yake nini.

Hatua ya 4: data, na namna ya kuisoma bila kudanganywa

Utaelekezwa kwenye hifadhi za data kama ACLED na UCDP ya chuo cha Uppsala, Sweden, zote za matukio ya vita na vurugu, SIPRI kwa manunuzi ya silaha, na ile ya matukio ya ugaidi ya Maryland inayoanzia 1970. Anza na ACLED, jisajili kwa imeili ya chuo, pakua Cabo Delgado peke yake, ifungue kwenye Excel na usitengeneze grafu yoyote kwanza. Soma mistari. Kaa nayo, soma kama mistari mia moja hivi mmoja mmoja.

Kila mstari ni tukio moja. Kuna tarehe, aina ya tukio (mapigano, mlipuko, ukatili dhidi ya raia, maandamano, ghasia, na jamii ya sita ya mambo ya kimkakati), nani na nani, mahali, idadi ya vifo, alafu maelezo mafupi na chanzo. Sasa angalia safu moja ambayo wanafunzi wanaipita, ya usahihi wa mahali, ina 1, 2 au 3. Moja ina maana kijiji au mji umetajwa. Tatu ina maana chanzo kimetaja eneo kubwa tu, na mara nyingi nukta inawekwa kwenye makao makuu ya mkoa. Makao makuu ya Cabo Delgado ni Pemba. Kwahiyo ukichora ramani bila kuchuja unaweza kuona Pemba imewaka, kumbe sehemu ya hizo nukta hakuna aliyejua zilitokea wapi. Na kuna mwenzako darasani lazima atadhani ni ile Pemba ya Zanzibar, mvumilie.

Safu ya vifo nayo, ikiwa 0 haina maana hakuna aliyekufa, inaweza kuwa chanzo hakikutaja au hakikueleweka. Wilaya ambayo mtandao wa simu umekatwa itaonekana tulivu kuliko wilaya yenye mwandishi wa habari. Andika hilo kwenye pepa yako hata kwa sentensi mbili, profesa atajua umeigusa data kwa mkono wako.

Hapa ndo Kiswahili kinakulipa. Mwenzako Mmarekani anasoma ripoti za Kiingereza zinazonukuu ripoti za Kiingereza. Wewe unaweza kufungua Mwananchi, Taifa Leo, DW Kiswahili, hansadi za bunge la Dodoma ambako waziri alijibu swali la mbunge wa kusini, na unasikia maneno yenyewe. Tafuta tukio moja lililoandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, weka pembeni kwa pembeni, angalia nani katajwa jina na nani kaitwa "watu wasiojulikana". Hiyo peke yake ni pepa. Kama unaweza kusoma Kireno kidogo basi umemaliza.

Hatua ya 5: kuandika

Kozi hizi zina maandishi ya aina mbili na watu wanayachanganya. Pepa ya kitaaluma inajenga hoja taratibu. Memo ya sera inaanza na jibu, sentensi ya kwanza kabisa, kwasababu anayesoma ana dakika mbili. Sisi tulifundishwa shuleni insha ina utangulizi mrefu wa kumkaribisha msomaji, kwenye memo huo utangulizi futa wote.

Mfano wa mstari dhaifu: "Hali ya usalama mpakani ni tete na mashambulizi yanaweza kuongezeka." Kila kitu kinaweza kuongezeka bana. Mstari wenye kazi una umbo kama hili, na hapa nachukulia umbo tu usinukuu kama utabiri: "Inaelekea ndani ya miezi sita ijayo hakutakuwa na shambulio la ukubwa wa Kitaya upande wa Tanzania. Nitabadili mawazo nikiona kambi mpya ndani ya wilaya ya Palma karibu na mto, au vijana wa Mtwara kuanza kupotea kwa makundi." Umesema nini, lini, wapi, na kitu gani kitakufanya ukiri umekosea. Wachambuzi wa ujasusi wa Marekani wana kipimo rasmi cha haya maneno, ukisema "inaelekea" kwao ni kati ya asilimia 55 na 80, ukisema "inaelekea sana" ni 80 mpaka 95. Hata kama hutafanya kazi huko, zoea kujiuliza ungeweka asilimia ngapi, utashangaa ni sentensi ngapi unazifuta.

Hatua ya 6: jilinde wewe na watu wako

Hii sehemu silabasi nyingi zinaipitia haraka na kwa mtu mwenye jina la Kiislamu au pasipoti ya kigeni sio ya kupita haraka. Mwaka 2008 University of Nottingham kule Uingereza mwanafunzi wa uzamili alikamatwa kwa sheria ya ugaidi kwa sababu ya kijitabu cha al-Qaeda alichokuwa anakitumia kwenye utafiti, akashikiliwa siku kadhaa akaachiwa bila shtaka, na baadae polisi wakamlipa fidia. Kwahiyo usipakue video wala vitabu vya propaganda kwenye laptop yako, usivitume WhatsApp hata kwa utani, tumia uchambuzi wa watafiti wanaovielezea. Ukihitaji chenyewe kabisa, ongea na profesa kwanza kwa maandishi, na ufanyie kwenye mifumo ya chuo. Kenya wana sheria yao ya kuzuia ugaidi ya 2012 na Tanzania ile ya 2002, ukishuka uwanja wa ndege wa JKIA Nairobi au JNIA Dar na hivyo vitu kwenye simu hayo maelezo ya "nasoma maina" utayatoa ukiwa chumba kingine. Maombi ya viza ya Marekani nayo tangu 2019 yanauliza akaunti zako za mitandao.

Ukitaka kuhoji watu, hata kama ni shemeji yako aliyetoka Mtwara, kama itaingia kwenye utafiti pita kwanza kwenye kamati ya maadili ya chuo, IRB. Inachukua wiki kadhaa, anza mwanzo wa semista. Ukitaka kwenda kuhoji nyumbani likizo kuna vibali vya huko pia, NACOSTI kwa Kenya, COSTECH kwa Tanzania ukiwa unatokea chuo cha nje, na Zanzibar wana utaratibu wao. Kuingia wilaya ya mpakani na daftari na maswali kuhusu wanajeshi bila karatasi ni kutafuta matatizo, na yatawakuta waliokupokea wewe ukiwa ushapanda ndege. Majina ya watu badilisha toka siku ya kwanza kwenye noti zako, sio siku ya kuwasilisha.

Hatua ya 7: kazi na pesa, ukweli wenyewe

Kazi nyingi za serikali ya Marekani kwenye usalama zinataka uraia, na zile zenye siri zinataka upekuzi, kuna fomu ndefu inaitwa SF-86 inayouliza ndugu na marafiki wa nje mmoja mmoja. Kuwa na ndugu Tabora au Kisumu sio kosa, kuwaficha ndo kosa. Kama wewe ni raia, kuna ufadhili wa Boren wa serikali ya Marekani ambao kwa miaka imekuwa ikipeleka wanafunzi wa Kimarekani Arusha kujifunza Kiswahili, kwasababu serikali yao inakihesabu kati ya lugha zinazohitajika kwa usalama wao, alafu unawafanyia kazi angalau mwaka mmoja. Wenzako wanalipiwa kujifunza kitu ulichonyonya nacho, kwahiyo kiweke kwenye CV kwa herufi zinazoonekana, na kama chuo chako kina mtihani wa ngazi ya lugha fanya upate cheti, maana "nazungumza Kiswahili" bila kipimo wanaona umejisemea tu.

Kama sio raia, elekeza macho kwenye mabenki na idara zao za kufuata sheria za utakatishaji fedha, kampuni za mitandao zinazochuja maudhui ya Kiswahili, mashirika ya misaada, ya wakimbizi, tafsiri mahakamani, na mashirika ya kikanda. Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya kazi 2022, SADC waliongeza 2019, na Nairobi kuna ofisi kibao za UN na taasisi za utafiti wa usalama kama ISS. Mafunzo ya kazini ukiwa na F-1 yanahitaji ruhusa inayoitwa CPT KABLA hujaanza, hata kama hulipwi uliza kwanza.

Kuhusu muda, ukitangaza maina mwishoni mwa mwaka wa kwanza au katikati ya wa pili unatembea kozi moja moja kila semista bila presha. Ukiamka mwaka wa tatu bado inawezekana ila utabeba mbili mbili na utalipia kiangazi. Mwaka wa nne acha, chukua kozi mbili tatu uzipendazo na uandike pepa moja nzuri, haitaandikwa maina kwenye transkripti ila pepa utakuwa nayo. Na ukifika semista ya mwisho, omba ukaguzi wa digrii mapema, wiki za mwanzo kabisa, uhakikishe kila kozi imeingia kwenye safu yake, maana kozi zinazotoka idara tofauti ndo hizo mfumo unazisahau, na kuirekebisha inataka saini ya mkuu wa maina ambaye mwezi wa tano ukifika hapatikani.